Vitendawili Viliisha Kabla ya Mtihani

Profesa yuko pale pale mlipomwacha: mguu mmoja ndani ya kibanda cha baba yake, mwingine nje, mkoba wa chuo begani. Fundi Vifungo, msaidizi wa baba yake, amekalia kiti cha mzee, nyuma ya cherehani ya mzee, na utepe wa kupimia wa mzee unaning'inia shingoni mwake.

Maneno aliyoyatoa bado yanaelea hapo katikati kama vumbi la kitambaa.

"Mzee hayupo, mwanangu. Tulishamzika."

Najua mlitarajia apige ukelele. Hata mimi nilitarajia. Hakupiga.

Aliingiza ule mguu wa pili, akatua mkoba juu ya meza ya kukatia, akauliza, "Lini?"

"Wiki ya kwanza ya mitihani yako."

"Mbona jana jioni ameniandikia?"

Vifungo akaitazama simu ndogo iliyolala kando ya mkasi. Simu ya mzee ile, iliyofungwa mpira kwa nyuma ili betri isidondoke.

"Jana jioni ni mimi," akasema.

Kwa aliyetudandia njiani, nimkalishe vizuri. Huyu binti anasomea ujenzi wa madaraja katika chuo kikuu cha serikali, na anayemsomesha ni serikali yenyewe. Ni ule ufadhili wanaopewa waliowapita wenzao nchi nzima: ada, chumba, chakula, vitabu, vyote juu ya serikali. Baba yake, mshonaji wa sare za shule, alianza kumwita Profesa tangu anang'oka meno ya utoto, na jina likaota mizizi.

Lakini ufadhili huo una meno nao. Kila mwaka ufanye mitihani yote na uifaulu yote. Ukikosa mmoja au ukianguka mmoja, umekatwa, na nyumbani hakuna mfuko mwingine wa kuchomoa.

Baba mtu hakuwa wa kuongea na simu. Kelele za cherehani zilikwisha kuyala masikio yake. Kwa hiyo kila jioni alimwandikia bintiye kitendawili, naye akajibu kabla ya kulala. Wiki hii vitendawili vikaanza kuwa vya ajabu. Ndiyo sababu Profesa alipanda basi asubuhi ya leo, ilhali mtihani wa mwisho ni kesho.

Haya, turudi kibandani.

"Kile cha juzi," Profesa akasema. "'Nina kitu changu, kina gurudumu, kina sindano, kinashona nguo. Ni kitu gani?'"

"Cherehani," Vifungo akajibu upesi.

"Najua ni cherehani. Kila mtu anajua ni cherehani. Kile si kitendawili, lile ni tangazo la biashara."

"Nilijitahidi, mwanangu. Mimi ni mtu wa kutia vifungo. Vitendawili alikuwa anatia yeye."

"Na vya kabla ya hapo? Kile cha ndugu wawili, wakikumbatiana kilicho kati yao kinaachana?"

"Mkasi. Kile chake mwenyewe."

"Na cha mwenye mguu mmoja, akipita anaacha nyayo juu na chini?"

"Sindano ya cherehani. Chake. Vyote vile vyake." Vifungo akavua utepe shingoni, akaanza kuuviringisha kwenye vidole. "Alinikaririsha kitandani, kimoja baada ya kingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikosea ananirudisha mwanzo, na pumzi yenyewe hana. Akavipanga vitoshe mpaka siku ya mtihani wako wa mwisho. Akasema, 'Kila jioni mpelekee kimoja. Akishaweka kalamu chini, mwambieni.'"

"Halafu wahadhiri wakagoma," Profesa akasema.

"Halafu wahadhiri wakagoma. Mtihani wa mwisho ukasogezwa wiki nzima. Yeye hakujua. Marehemu hapelekewi ratiba mpya."

"Kwa hiyo viliisha."

"Viliisha, mwanangu. Nikakaa na simu mkononi, jioni imeingia, na wewe unasubiri. Ningefanyaje? Nikatazama huku na huku kibandani. Nikaona cherehani."

Profesa alichukua mkoba wake. Akiwa mlangoni akageuka, akamwambia sare iliyoko chini ya sindano inaenda upande, aivute kidogo. Kisha akaondoka.

* * *

Nyumbani turubai lilikwisha kushushwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani, kimoja ndani ya kingine, vikisubiri mwenyewe aje avichukue. Mama alikuwa uani anasugua sufuria. Alimwona binti yake, akaona uso wake, akajua kwamba anajua. Sufuria ikateleza ndani ya beseni.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala."

Akapakuliwa, akala. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, akasimama mbele yake amejishika kiuno, akimchunga kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni.

"Lia, mwanangu. Lia utoe."

"Nitalia, shangazi."

"Lini sasa?"

"Sijui. Chumvi iko wapi?"

Shangazi akampa chumvi. Mkono wa Profesa ulioipokea ulikuwa umetulia kama wa mtu anayechora ramani.

"Usituone wabaya," shangazi akaanza. "Ni maneno ya baba yako. Alinishika hapa, kwenye kiganja, akasema: 'Dada, asiambiwe mpaka amalize. Ukimwambia, atauacha mtihani aje kunizika, na wale watamkata.' Mimi dada mtu ningesema nini?"

"Mimi nilisema aambiwe," mama akasema kutoka uani.

"Wifi, hilo tulikwisha kulimaliza."

"Mlilimaliza nyinyi."

Profesa akamaliza chakula, akaosha mikono, akatoa karatasi zake za masomo mkobani, akazifungua mezani. Akazitazama kitambo. Akazifunga.

"Kesho siendi kwenye mtihani," akasema, kama mtu anayesema maji ya bomba yamekatika.

Shangazi akakaa kwa kishindo. "Unasemaje?"

"Sina kitu kichwani. Nasoma neno, linaniangalia tu. Nikienda naanguka, nikianguka wananikata. Nisipokwenda wananikata. Basi nikae nyumbani."

"Yaani yote haya tuliyoyafanya? Watu wanamlilia ndugu yangu midomo imefungwa ili majirani wasikupigie simu? Mazishi kama ya mwizi, wewe unasema ukae nyumbani?"

"Sikuwaomba, shangazi."

Shangazi akazunguka chumba mara moja, akajifunga nguo yake vizuri, akachukua pochi.

"Inuka. Tunakwenda huko huko ofisini kwao. Serikali nayo ina wazazi."

* * *

Ofisi ya ufadhili chuoni ni dirisha moja lenye nondo na kiti kimoja kwa ndani. Aliyekikalia, wanafunzi wanamwita Bwana Mihuri. Miwani yake aliipandisha kichwani na alikuwa akiitafuta mezani walipofika.

"Iko juu, baba," shangazi akamwonyesha.

Akaishusha, akawatazama wote wawili, akasikiliza. Shangazi alieleza kwa ufupi kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote: mtoto amefiwa na baba, kesho mtihani, hawezi.

"Pole sana, binti," Bwana Mihuri akasema.

"Asante."

"Sasa mbona mna nyuso za hofu? Kufiwa na mzazi ni sababu halali. Unaahirisha mtihani, unaufanya muhula ujao, na ufadhili hauguswi. Hata nauli ya kwenda kuzika tunatoa."

Shangazi akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Rudia hapo, baba."

"Nasema ruhusa ipo."

"Yaani tungemwambia mapema, akaja akazika baba yake, asingepoteza kitu?"

"Asingepoteza hata senti, mama. Ndiyo maana ofisi ipo."

Nilipofika hapa nilisimama kidogo, nikanywa maji. Na nyinyi nyweni, maana bado.

Bwana Mihuri akavuta kalamu. "Ila kuna sharti dogo. Taarifa iwe imefika hapa ndani ya wiki ya msiba. Ikichelewa, hatuna la kufanya, wakubwa hawaelewi. Mzee alifariki lini?"

Shangazi akamtazama Profesa. Profesa alikuwa akitazama feni, ambayo ubawa wake mmoja ulikuwa umepinda na kila ukipita unagonga.

"Juzi," shangazi akasema.

"Juzi," Bwana Mihuri akarudia polepole, bila kuinua macho, kama mtu anayempa mwenzake mkono avuke mfereji. Alikwisha kuelewa. Kalamu yake ikagusa karatasi.

"Si juzi," Profesa akasema.

"Mwanangu, nyamaza."

"Si juzi. Ni wiki ya kwanza ya mitihani."

"Nyamaza, nakwambia. Mtu anatusaidia, wewe unamkata mikono?"

"Baba amekufa mara moja, shangazi." Hakupaza sauti. Ungedhani anaagiza chai. "Kwanza mlimkataza asife mpaka nimalize mtihani. Sasa mnataka afe juzi ili nisiufanye. Mwacheni baba afe siku yake."

Feni iligonga, ikagonga tena.

Bwana Mihuri akaweka kalamu chini. "Basi kesho saa tatu asubuhi, ukumbi mkubwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Ukikaa, umefanya. Usipotokea, ufadhili umekatika. Katikati hapana kitu. Samahani, binti."

Shangazi ndiye aliyelia. Alikaa sakafuni pale chini ya dirisha, miguu ameinyoosha, akalia kilio ambacho alikuwa amekifunga tangu siku ya mazishi, na wanafunzi wakawa wanampita kwa kuzunguka. Profesa alimshikia pochi.

"Ndugu yangu alikuwa na akili sana," shangazi akasema katikati ya kwikwi. "Sasa hili la kuuliza kwanza, lilimpitaje?"

"Hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kwetu, shangazi. Angemuuliza nani?"

"Wewe."

"Mimi ndiye mliyenificha."

* * *

Asubuhi Profesa akaenda ukumbini. Kwa nini alikwenda, hata yeye angeulizwa asingejibu. Alioga, akavaa, miguu ikampeleka. Akatafuta namba ya kiti chake, akakaa. Karatasi za maswali zilikuwa mezani tayari, zimelazwa kifudifudi.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mrefu mwenye viatu vya kugonga. Alitembea kati ya mistari akisema maneno yale yale: "Usifunue mpaka niseme. Ukishafunua, umefanya mtihani, hata uandike jina tu. Mwenye tatizo aseme sasa."

Jirani wa Profesa, msichana mwenye miwani ambaye husoma naye, akamnong'oneza. "Profesa, ulipitia ile mihimili ya chuma?"

"Baba amefariki."

"Ee? Lini?"

"Zamani kidogo."

Yule msichana alibaki na kalamu hewani. Mwishowe akamsogezea Profesa rula yake, ingawa Profesa alikuwa na yake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Bwana Mihuri aliingia anahema, shati limetoka kwenye suruali, miwani kichwani kama kawaida. Akanong'onezana na msimamizi. Msimamizi akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa, akanong'onezwa tena. Kisha akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kiti cha Profesa.

"Wewe. Njoo hapa. Usiguse karatasi."

Mlangoni, Bwana Mihuri alimvuta pembeni.

"Taarifa iliingia," akasema.

"Taarifa gani?"

"Ya msiba. Iliingia wiki ile ile. Nimemkuta mwenzangu wa zamu asubuhi hii, nikamsimulia habari yako, akashika kichwa. Anasema mwanamke alipiga simu ofisini. Akasema mume wake amefariki, mtoto wake yuko chuoni na hajaambiwa, wamemkataza yeye asimwambie. Akaomba sisi tumwambie, kwa upole."

Profesa akamtazama usoni.

"Ni mama yako," Bwana Mihuri akaongeza, kana kwamba hilo lilihitaji kuongezwa.

"Mbona hamkuniambia?"

Bwana Mihuri akajikuna shingo. "Tuna utaratibu, binti. Wakati wa mitihani wanafunzi wanawaua wazazi wao ovyo ovyo. Kuna kijana mmoja bibi yake amekufa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kwenye mahafali akaja naye. Kwa hiyo tukipata taarifa, tunapiga namba ya mzazi tuliyonayo ili tuhakikishe. Mwenzangu akaipiga namba ya baba yako."

"Ikapokelewa."

"Ikapokelewa. Na mwanaume."

"Akasema nini?"

Bwana Mihuri akatazama viatu vyake. "Akasema, 'Mimi ndiye baba yake. Ni mzima wa afya. Mwacheni mtoto asome.' Mwenzangu akaandika kwamba mama yule ni mzushi, akafunga."

Ndani ya kifua cha Profesa kitu kilisogea. Kidogo tu, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa kizito, halafu kikasimama. Alimwona mama yake na sufuria. Alimsikia akimuuliza kama amekula.

"Sasa sikiliza vizuri," Bwana Mihuri akaendelea, kwa haraka. "Neno la mama yako linaweza kusimama. Lilikuja kwa wakati. Lakini aliyepokea simu lazima afike mwenyewe mbele ya mkuu wa ofisi, leo, kabla hatujafunga saa tisa, akiri kwamba hakuwa baba yako. Nisikufiche, si jambo dogo. Kujifanya mzazi wa mwanafunzi wa serikali ni kosa, wanaweza kumlaza ndani. Akifika, mtihani wako unaahirishwa na ufadhili unabaki. Asipofika, utahesabiwa ulitoroka."

"Na nikirudi kukaa?"

"Ukirudi, ukafunua karatasi, hayo mengine yote yamekwisha. Utapata utakachopata."

Viatu vya msimamizi vikagonga mpaka mlangoni. "Binti, saa tatu imefika. Siwezi kuwaweka watu wote hawa kwa ajili yako. Unakaa au unatoka?"

Profesa akageuka, akaitazama meza yake. Karatasi kifudifudi. Rula mbili. Huko ndiko baba alikotaka awe. Kwa ajili ya huko ndiyo maana alivikaririsha vile vitendawili kitandani, akigombana na pumzi yake mwenyewe.

"Unakaa au unatoka?"

"Mama yangu alisema kweli," Profesa akasema, "mkamwandika mzushi."

"Hilo si jibu, binti."

"Natoka."

Yule msichana mwenye miwani akainuka nusu, akaketi tena. Bwana Mihuri akashusha pumzi ndefu, akachomeka shati. "Mpigie huyo mtu sasa hivi," akasema. "Mimi nakwenda kumweka mkuu asitoke."

Profesa akasimama kwenye ngazi za nje, penye jua. Akatoa simu. Akajua kwamba anakwenda kumwomba Vifungo, mtu mzima mwenye watoto wanne, aje ajitie kitanzini kwa sababu ya uongo ambao hakuutunga yeye, na akashangaa kwamba hilo nalo halimuumi. Jina lililotokea kwenye kioo ni lile lile la siku zote: Baba.

Akabonyeza.

Nyuma yake msimamizi akasema, "Funueni," na ukumbi mzima ukafunua kwa mpigo mmoja.

Simu ikaita. Akaiweka sikioni, akasubiri, ikaita. Tangu mzee azikwe, namba ile haikuwahi kukosa mtu wa kuwa baba yake. Leo iliita mpaka ikakatika.